Mashini yenye akili na mtumikaji wa kiwanda



Katika somo hili tunataka kujibu ulizo moja linalorudi kila mwaka katika seksio teknike, na siku hizi hata wenzetu wa pedagojia wanaliuliza: "Kama roboti inaweza kufanya sudure, kupaka rangi na kupanga vitu, sisi tunajifunza kazi ya mikono juu ya nini?" Wengine wanaliuliza kwa kuchekesha. Lakini mzazi anayeuza mbuzi ili alipe minerval hachekeshi. Yeye anataka kujua kama kazi ile mtoto wake anajifunza itakuwa ingali inaishi wakati atakapopata diploma.

Hatutajibu kwa maneno ya kutuliza moyo tu, wala hatutatisha mtu. Tutaangalia mambo yaliyotokea kweli, katika viwanda vyenye jina na katika miaka inayojulikana. Kisha kila mmoja atapima mwenyewe.

1. MANENO YA KUFAHAMU KWANZA

Mashini ya kawaida inatoa nguvu tu. Angalieni mashini ya kushona ile tunayoiona sokoni. Uzi ukikatika, mashini haijui. Inaendelea kutoboa kitambaa bure. Fundi ndiye anayejua, naye anaondoa mguu.

Mashini yenye akili iko na vitu vitatu zaidi ya nguvu. Kwanza, iko na kapteri, ni kusema kitu kidogo chenye kusikia joto, uzito, mwangaza ao mtikisiko. Pili, iko na otomati ao ordinateri, inayopokea habari za kapteri na kuamua kufuatana na programu iliyoandikwa na mtu. Tatu, iko na njia ya kupasha habari kwa mashini zingine na kwa watu. Ikiwa chombo kimoja kinapata moto kupita kiasi, mwangalizi anapata habari mbele chombo hakijavunjika.

Na roboti je? Wengi wetu tumesikia habari za roboti za barabarani zilizowekwa Kinshasa mwaka 2013, ambazo zilifikiriwa na injenyeri wetu mama Thérèse Izay. Zile ni za kuongoza magari. Roboti ya kiwanda ni ya namna ingine: kwa kawaida ni mkono mkubwa wa chuma tu, bila kichwa wala miguu. Ya kwanza iliitwa Unimate. Ilifikiriwa na Mmarekani George Devol, na mwaka 1961 ilianza kazi katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey. Kazi yake ilikuwa kuondoa vipande vya chuma vyenye moto mkali, kazi iliyounguza na kuumiza watu. Mwaka 2023 hesabu ya roboti za viwanda ulimwenguni ilikuwa imepita milioni 4.

Mwaka 2011, katika maonyesho ya viwanda ya Hannover, Wajeremani walitoa jina "Industrie 4.0", maana yake mapinduzi ya nne ya viwanda. Ya kwanza yalikuwa ya mvuke, ya pili ya umeme, ya tatu ya ordinateri na programu. Ya nne ni haya ya mashini zinazosemezana. Basi, katika mapinduzi hayo yote mtumikaji alipatwa na nini? Tuanze na yale ya kwanza.

2. WOGA WA WAFUMAJI HAUKUWA UJINGA

Mwaka 1811, katika sehemu za Nottingham, huko Uingereza, wafumaji wa soksi walianza kuvunja mashini usiku kwa nyundo. Watu wengi wanasimulia habari hiyo kwa kusema kwamba wafumaji wale walikuwa wajinga waliochukia maendeleo. Hapana hivyo. Mashini ya kufuma soksi ilivumbuliwa na William Lee mwaka 1589, zaidi ya miaka 200 mbele ya ile fujo. Wafumaji walizaliwa ndani ya kazi ya mashini na waliipenda.

Walichokataa ni ginsi wapatroni fulani walivyozitumia: kutoa soksi mbaya za bei ndogo, kuandika watu wasiojifunza kazi, na kukata mshahara wa wale waliojifunza. Kilio chao hakikusikiwa. Mwaka 1812 serikali ilitoa sheria iliyoweka adhabu ya kifo kwa mwenye kuvunja mashini.

Tushike neno hili, sababu litatusaidia mpaka mwisho wa somo: shauri halikuwa kati ya mtu na chuma, lilikuwa kati ya mtu na mtu. Faida ya mashini itaenda kwa nani? Ujuzi wa fundi utahesabiwa ao utatupwa? Maulizo hayo chuma hakiwezi kuyajibu.

3. MASHINI INAYOSIMAMA YENYEWE

Tuvuke mpaka Japani, tukibaki katika kazi ile ile ya kufuma. Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka 1867, mtoto wa seremala, katika kijiji ambamo wanawake walifuma vitambaa nyumbani. Aliangalia kazi yao kwa miaka mingi. Mwaka 1891 alipewa cheti cha uvumbuzi kwa mashini ya mti ya kufuma kwa mkono. Mwaka 1924 alimaliza ile iliyomtukuza, mashini ya kufuma inayobadilisha uzi yenyewe bila kusimama, na inayosimama yenyewe uzi ukikatika.

Namna yake si ya uchawi. Juu ya kila uzi kunaning'inia kipande chembamba cha chuma. Uzi ukiwa mzima, unakibeba. Uzi ukikatika, kipande kinaanguka, na kule kuanguka kunasimamisha mashini. Hakuna ordinateri ndani yake. Lakini tunaweza kuiita mashini yenye akili, sababu inatambua kosa na haiendelei kuharibu.

Mbele ya hapo, mtumikaji alipashwa kusimama karibu na mashini na kuikodolea macho. Sasa mtu mmoja aliweza kuangalia makumi ya mashini, akienda tu mahali iliposimama. Mwaka 1929 kampuni Platt Brothers ya Uingereza ilinunua haki ya kuitengeneza. Waingereza, waliokuwa walimu wa dunia katika kufuma, walikuja kununua akili kwa mtoto wa seremala! Ndiyo maana wazee wanasema akili ni mali.

Kutoka katika kampuni hiyo ya kufuma kulizaliwa kampuni ya magari Toyota, mwaka 1937. Huko, injenyeri Taiichi Ohno, ambaye naye alitoka katika kazi ya kufuma, alipeleka wazo lile lile kwa watu: mtumikaji akiona kosa, avute kamba. Taa inawaka, mkubwa wa kikundi anakuja mbio, na kosa lisipotengenezwa kwa wakati, kazi yote ya mstari inasimama. Katika viwanda vingine mtumikaji aliyesimamisha mstari angeweza kufukuzwa. Hapa alishukuriwa. Kuuliza si ujinga, na kusimamisha kosa si uvivu. Wajapani wanaliita wazo hilo "jidoka", na wakati wa kuliandika wanaongeza alama yenye maana ya "mtu" ndani ya neno la mashini inayojiendesha.

Tuongeze mtu mmoja tena. Mitsuru Kawai aliingia Toyota mwaka 1966 kama mtumikaji wa mikono, katika kazi ya kufua vyuma. Alipanda mpaka akawa makamu wa mkubwa wa kampuni mwaka 2017. Alipokuwa mwangalizi wa viwanda, alirudisha sehemu za kazi ambamo vijana wanafua na kutengeneza vyuma kwa mkono, katika kampuni yenye roboti nyingi namna ile! Juu ya nini? Sababu aliona kwamba vijana wamejua kubonyeza kifungo tu, na mtu asiyejua kazi yenyewe hawezi kuifundisha roboti ifanye vizuri zaidi. Roboti inarudilia tu yale iliyofundishwa. Haivumbui namna mpya ya kushika nyundo.

4. MCHORO WA NGAZI

Habari hii ni ya wenzetu wa seksio ya umeme, lakini wengine wasikilize pia. Zamani mashini kubwa za viwanda ziliongozwa na rele, ni kusema vifungo vinavyofunguliwa na kufungwa kwa nguvu ya umeme. Kiwanda kimoja kilikuwa na kabati nyingi zilizojaa rele na nyuzi. Kila mara walipobadilisha namna ya gari, ilifaa kuzifungua na kuzifunga nyuzi upya.

Mwaka 1968, kiwanda cha General Motors kilichotengeneza giabokisi kiliomba chombo kimoja cha kushika nafasi ya rele, chenye programu inayoweza kubadilishwa bila kugusa nyuzi. Kikundi cha Dick Morley kilitengeneza otomati iliyoitwa Modicon 084. Wakajiuliza: nani atakayeiandikia programu? Ikiwa ni wataalamu wa ordinateri peke yao, basi mafundi wa umeme wamekwisha.

Njia waliyoifuata ilikuwa ya hekima. Waliandika programu kwa mfano wa michoro ile ile ambayo fundi wa umeme aliizoea: mistari miwili ya kusimama na vidato katikati, sawa ngazi. Fundi aliyejua kusoma mchoro wa rele aliweza kujifunza otomati bila kurudi darasa la kwanza. Ujuzi wake wa zamani ulikuwa mlango wa ujuzi mpya. Mpaka leo, mchoro wa ngazi ungali unatumiwa katika viwanda vya dunia nzima.

Tunaona hapa kwamba mashini mpya inaweza kutengenezwa ili imfungie fundi mlango, ao ili imfungulie. Kuchagua ni kwa watu.

5. NYUMBA MOJA, MAFUNDISHO MAWILI

Mfano unaofuata uko katika mji wa Fremont, California. General Motors ilikuwa na kiwanda pale. Magari yalitoka na makosa mengi, watumikaji wengi walikosa kazini, na kati yao na wakubwa kulikuwa vita ya kila siku. Mwaka 1982 kiwanda kilifungwa.

Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa jina NUMMI, Toyota na General Motors wakishirikiana. Watumikaji wengi walikuwa wale wale wa zamani, na sendika ilikuwa ile ile. Kulikuwa na roboti, lakini badiliko kubwa halikuwa roboti. Wengi walipelekwa Japani kujifunza. Waliporudi, kila mmoja aliruhusiwa kuvuta kamba na kutoa shauri lake. Katika muda mfupi magari ya Fremont yalihesabiwa kati ya yale mazuri sana ya Marekani. Kumbe watu wale hawakuwa wabaya! Namna ya kuwatumikisha ndiyo ilikuwa mbaya.

NUMMI ilifungwa mwaka 2010, na kampuni Tesla ikanunua nyumba. Mkubwa wake Elon Musk alitaka kiwanda ambamo karibu kila kitu kinafanywa na roboti. Wakati wa kutengeneza gari la Model 3, mambo yalikwama. Roboti moja ilipewa kazi ya kushika kipande laini cha nyuzi za kioo na kukiweka juu ya betri. Kwa mkono wa mtu ni kazi ya mara moja, lakini roboti ilishindwa. Mwaka 2018 waliondoa sehemu ya mashini hizo, na wakapanga mstari mwingine chini ya hema kubwa, na watu wengi ndani yake. Mwezi wa nne wa mwaka ule Musk mwenyewe aliandika mbele ya dunia kwamba kuzidisha mashini lilikuwa kosa, na kwamba watu wanahesabiwa chini ya thamani yao.

Nyumba ni moja. Mwaka 1984 ilionyesha kwamba mtu akifundishwa na kusikilizwa anabadilika. Mwaka 2018 ilionyesha kwamba mashini isiyotegemea ujuzi wa mtu inakwama.

6. LAKINI NANI ANAPOTEZA?

Tungeishia hapo, tungedanganya wasomaji wetu. Kuko watu wanaopoteza kazi kweli. Wataalamu Daron Acemoglu na Pascual Restrepo, katika uchunguzi waliotoa mwaka 2020, waliangalia Marekani kutoka 1990 mpaka 2007. Waliona kwamba mahali roboti zilipoingia kwa wingi, kazi zilipunguka. Kila roboti moja iliyoongezwa kwa watumikaji 1,000 ilipunguza mishahara kwa 0.42 kwa mia. Hesabu hiyo inaonekana ndogo, lakini haianguki juu ya wote sawasawa. Inaanguka kwa nguvu juu ya mji mmoja wenye kiwanda kimoja.

Katika Ujeremani, wataalamu wengine waliona jambo la namna ingine. Roboti ni nyingi sana kule, lakini watumikaji waliokuwa ndani ya viwanda kwa sehemu kubwa hawakufukuzwa. Walibadilishiwa kazi na kufundishwa mpya. Sheria ya mwaka 1972 inamlazimisha patroni kueleza baraza la watumikaji wakati anapopanga kuleta mashini mpya, na kuzungumza nao mbele ya kuamua. Katika mji wa Amberg, kiwanda cha Siemens kilichofunguliwa mwaka 1989 kinatengeneza otomati za namna ile ya mchoro wa ngazi, na otomati hizo hizo zinaongoza mashini zake. Kwa miaka mingi hesabu ya watumikaji wake ilibaki karibu 1,200, huku vitu vinavyotoka vikiongezeka zaidi ya mara nane. Mashini ndizo zinazounganisha vipande. Watu wanaandika programu, wanatengeneza kinachovunjika na kutafuta njia iliyo bora.

Hata hivi, tuangalie vizuri. Katika Ujeremani ule ule, mlango ulikuwa mwembamba zaidi kwa vijana. Mzee hakufukuzwa, lakini alipostaafu hakuandikwa kijana mwingine mahali pake. Kijana alipashwa kutafuta kazi nje ya kiwanda. Hasara ya namna hiyo haina kelele: hakuna anayelia mlangoni, sababu aliyekosa kazi hakuingia hata siku moja.

7. NA SISI WA HAPA?

Kwetu shida kubwa haiko wingi wa roboti. Shida ni umeme unaokatika na viwanda vilivyo vichache. Lakini tusidhani kwamba habari hizi ziko mbali. Karibu 70 kwa mia ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, nayo inaingia katika betri za magari kama yale tuliyoyataja. Na huko Kibali, katika Haut-Uélé, kuko mashini za kubeba mawe ya dhahabu chini ya udongo zinazoongozwa na mtu aliyeketi katika chumba kule juu, mbele ya ekra. Mtu mmoja anaweza kuangalia zaidi ya moja. Ni wazo lile lile la Toyoda la mwaka 1924, limeshuka ndani ya shimo. Jambo zuri ni kwamba mtu hako tena chini ya mawe yanayoweza kumwangukia. Jambo la kufikiri ni kwamba mahali walipohitajiwa watu wengi wenye nguvu, sasa wanahitajiwa wachache wenye kusoma.

Kwa hiyo jibu letu kwa ulizo la mwanzo ni hili. Mashini yenye akili imebeba akili ya mtu aliyeijua kazi. Anayejua kubonyeza tu, mashini itamtuma, na siku moja itamwacha. Anayejua kazi mpaka mzizi, yeye ataituma mashini. Toka hapo tunashauri mambo manne:

a) Tujifunze kazi ya mkono mpaka mwisho. Mwenye kusikia kwa sikio kwamba mota inaumwa ndiye atakayejua mahali pa kuweka kapteri.

b) Tusome michoro na hesabu bila kuchoka. Otomati inaweza kukosekana katika atelye, lakini mchoro wa ngazi unaweza kuandikwa kwa chaki ubaoni na kufahamika.

c) Tujizoeze kuvuta kamba. Mwanafunzi anayeficha kwamba hakufahamu ni sawa na mashini inayofuma na uzi uliokatika: kitambaa kinaonekana kirefu, lakini kina tundu.

d) Wale watakaokuwa wakubwa, wapatroni ao wajumbe wa sendika, wakumbuke wafumaji wa Nottingham. Anayeleta mashini alete na mafundisho yake. Mashini ikija bila mafundisho, kila ikivunjika fundi wake atakuja kwa ndege, na mshahara wa kazi ile utarudi pamoja naye.

Wenzetu wa pedagojia wasiseme haya hayawahusu. Kijana wa Fremont alihitaji mwalimu, fundi wa rele alihitaji mwalimu, naye Kawai, alipofika juu kabisa, alichagua kuwa mwalimu wa kazi ya mkono. Hatujaona kiwanda hata kimoja katika somo hili kilichofaulu bila mtu wa kufundisha.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mashini ya Toyoda haikuwa na ordinateri. Juu ya nini tunaweza kuiita mashini yenye akili?

2. Wafumaji wa Nottingham walikataa nini hasa? Kama ungekuwa mjumbe wao, ungemwomba patroni nini?

3. Mchoro wa ngazi ulisaidiaje mafundi wa umeme? Toa mfano wa kazi ya hapa kwetu ambamo ujuzi wa zamani unaweza kuwa mlango wa ujuzi mpya.

4. Linganisha Fremont ya mwaka 1984 na ile ya mwaka 2018. Ni kitu gani kilicho sawa katika mafundisho yote mawili?

5. Katika atelye yetu, ni kazi gani ungeiachia mashini, na ni gani usingeiachia? Toa sababu.

Atakayeandika jibu zuri la ulizo la 5, alipeleke kwa mwalimu wa atelye. Tutachapa majibu mawili ao matatu katika nambari inayofuata.